City Market: tukiwa na ukurasa mmoja tu wa kuandikia kaunti, tuanze na nini?

MamaVyondo

Wadau, naomba mawazo yenu kabla sijaketi tena na wenzangu.

Mimi ni muuzaji ndani ya City Market, ukumbi mkubwa. Nauza vyondo (vikapu vya kusuka), mawe ya sabuni ya kuchongwa ya Tabaka, ushanga, na vinyago vichache kutoka Wamunyu. Kibanda nilikirithi kwa mama, naye alianza pale akiwa mwajiriwa wa mtu, akipanga vitu vya mwenyewe na kufagia, mpaka yule mwenyewe alipozeeka.

Kwa wasiolijua jengo: liko Muindi Mbingu Street, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, na ni la mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiingia unatazama juu kwanza, hutaki hutaki. Matao ya zege yanapanda mpaka darini, madirisha yamepangwa juu kwa juu, na asubuhi mwanga unaposhuka kwenye mawe ya Tabaka hata mimi niliyezoea husimama. Wageni husema linafanana na hangari ya ndege. Maua yako mbele, sisi wa vinyago katikati, buchari na samaki pembeni na nyuma. Mwenye jengo ni kaunti, iliyolirithi kwa City Council, lile baraza la jiji la zamani.

Sasa maneno ya kulifufua soko huzuka, yakavuma, yakatulia. Safari hii baadhi yetu tumesema tusingoje kuitwa. Tuandike memoranda wenyewe. Shida ni kwamba tulipoketi mara ya kwanza karatasi ilijaa pande zote mbili. Wa maua wanataka maegesho. Wa nyama wanataka chumba cha baridi. Vijana wanataka taizi (vigae), waifai na mkahawa wa kahawa. Mimi na wenzangu wa vinyago tunataka mabasi ya watalii yarudi. Kuna mzee mmoja wa heshima anayetaka saa kubwa mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ya nini.

Hakuna afisa atakayesoma yote hayo. Kwa hiyo swali langu: tukiwa na ukurasa mmoja, kipi kije kwanza? Na la pili, ambalo wengi wanaliogopa kulitamka: tukihamishwa ili wajenge, tutarudi?

---

KijanaWaKimathi

Dada, mimi ni mteja, si mtaalamu. Nafanya kazi Kimathi Street na huja kwenu kula samaki. Nachagua mwenyewe, anakaangwa nikiona, ugali na kachumbari, narudi ofisini na harufu ambayo wenzangu wanaijua. Lakini ukweli usemwe: ule ukumbi wenu mkubwa huwa napitia nje. Sina shida na vinyago, ila hakuna kitu mle ndani ninachohitaji Jumanne saa saba mchana.

Na nikitoka kazini saa kumi na moja na nusu, nyinyi mnafunika na maturubai. Jumamosi mchana ndiyo kabisa. Hata mkiweka taizi za Italia, nitazikuta zimefungiwa.

---

PlotNiPlot

Mnazunguka mbuyu. Ile ardhi ni katikati ya jiji. Bomoa, jenga ghorofa ishirini, soko libaki chini, ofisi juu, kaunti ipate pesa za kweli. Kuta kuukuu hazilishi mtu.

---

MzeeWaLeja

MamaVyondo, binti yangu, nimesoma swali lako nikaona nisipite. Nilikuwa karani wa kodi kwenye masoko enzi za City Council, kabla ya 2013. Sitataja masoko niliyofanyia kazi, wenyewe tukikutana tutajuana.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo la kwanza.

Kabla ya rangi, kabla ya taizi, kabla hata ya kuziba tone moja la mvua, ukurasa wenu uombe daftari la majina. Nieleze. Kibanda sokoni kina mwenyewe, kina mpangaji, na mara nyingi kina mpangaji wa mpangaji. Risiti inaandikwa jina la marehemu. Anayeamka alfajiri kufungua hajulikani popote. Mkiwa mmekaa hivyo hivyo haina madhara, kila mtu anamjua jirani yake. Siku mtakayotoka nje ili mafundi waingie, ujirani hauna muhuri. Kuna soko moja la mtaani, silitaji, lilikarabatiwa vizuri sana, mabati mapya, meza za zege, hata choo cha kulipia. Watu walitoka mia na kitu. Siku ya kugawa vibanda ikaja orodha iliyopigwa chapa, na ndani yake majina ambayo hakuna mama yeyote wa soko lile aliwahi kuyasikia. Waliokosa walienda wakatandika magunia nje ya ukuta, wakawauzia wateja wao wale wale. Baada ya muda vibanda vya ndani vilikuwa vimegeuka stoo. Soko lilijengwa likafa kwa mpigo mmoja.

Pengine unajiambia, tuna sheria ya wapangaji. Hapa ndipo wengi huteleza. Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ile Sura ya 301, inamlinda mwenye duka River Road asifukuzwe ovyo wala kuongezewa kodi ghafla. Lakini isome kifungu cha 2 mpaka mwisho: upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mmoja wa wahusika haumo katika ulinzi huo. Mama anayekodi kwa tajiri ana pa kulalamika ambapo wewe unayekodi kwa umma huna. Ndiyo maana nasema ulinzi wenu ni karatasi mtakazoandikiana na kaunti wenyewe: jina, nambari ya kibanda, ukubwa, kitambulisho, na ahadi ya kurudi yenye tarehe na saini ya mtu mwenye cheo cha kusaini. Na watangaze hiyo orodha ukutani, wazi, wiki kadhaa, watu wapinge wakiwa bado ndani.

La pili ni pesa. Nimesikia wengi wakisema, "turudishiwe sehemu ya kodi tubadilishe taa." Hawakatai kwa roho mbaya. Kodi yako ikilipwa inaingia Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na haitoki humo bila kupitishwa na bunge la kaunti. Msimamizi wa soko, hata awe malaika, hana shilingi ya balbu mfukoni. Katiba na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndivyo zinavyotaka, na sababu yake ni nzuri, ila matokeo yake sokoni ni kwamba balbu na jengo jipya vinapita mlango mmoja. Njia ipo. Kifungu cha 116 cha sheria hiyo kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu, kamati tendaji na bunge la kaunti wakikubali. Ombeni sehemu ya kodi ya soko lile iwekewe mfuko wa matengenezo. Msipopata hayo, ombeni kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ya kila mwaka yenye jina la City Market. Maana ukiambiwa "ukarabati wa masoko," jueni mko kwenye foleni moja na Burma, Kariokor na Wakulima.

La tatu ni kuhusu hili neno kufufua. Soko lile lilijengwa na manispaa ya mkoloni kwa ajili ya meza ya Mzungu. Mwafrika aliyeonekana mle na kikapu kilichojaa, mara nyingi kikapu hakikuwa chake. Sasa ukiniambia tulirudishe enzi zake, nitakuuliza enzi za nani. Baada ya uhuru mji uliongezeka, mboga za jumla zikawa Wakulima, wenye magari wakahamia supamaketi, wengine wakapata maduka Westlands. Ukumbi ungebaki mtupu. Haukubaki mtupu kwa sababu watu wa vinyago waliona watalii wanashuka mahotelini pale karibu, wakaingia. Hakuna mshauri aliyelipwa kuwaambia. Yaani lile soko limeshabadilika lenyewe, na mama yako alikuwa mmoja wa waliolibadilisha. Sasa limekwama kwa sababu kubadilisha aina ya bidhaa kunahitaji ruhusa, mpango wa vibanda umeganda, na masaa ni yale ya karani wa zamani.

Kijana wa Kimathi kakupa jawabu la bure. Anakuja kila mara na hupati hata shilingi yake.

Na wewe PlotNiPlot, tutaonana hapo chini, kuna fundi nataka akujibu.

---

MamaVyondo

Mzee, shikamoo, na asante. Hiyo ya Sura 301 imeninyima usingizi.

Lakini nikupinge kidogo kwa adabu. Mtu wa ofisini hawezi kunilisha mimi. Kijana wa Kimathi atanunua kiondo mara ngapi maishani? Mtalii mmoja mwenye mzigo wa zawadi anafunga mwezi. Tukigeuza ukumbi uwe wa chakula cha mchana, vinyago vitasukumwa kwenye roshani, juu ambako miguu ya wateja haifiki.

---

MzeeWaLeja

Marahaba binti yangu. Nikuulize: 1998 bomu lilipolipuka mjini, ulikula nini? Mapema 2008, vurugu za uchaguzi? Baada ya shambulio la Westgate 2013? 2020 ndege zilipolala chini?

---

MamaVyondo

Mzee umenipiga pabaya.

Sawa. Nilikula kwa mkopo wa chama, miaka yote hiyo uliyoitaja ambayo nilikuwepo. 1998 nilikuwa bado msichana, lakini nakumbuka mama akirudi na begi lile lile alilotoka nalo.

Na ukinibana zaidi nitakiri jambo: msimu wangu mzuri wa wateja wa hapa hapa ulianza Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Akina mama wa Buruburu, Ngara, hata Rongai, walikuja kutafuta kikapu cha kwenda nacho sokoni. Walitaka kikubwa, mshipi mrefu wa ngozi, bila urembo mwingi. Watalii wanataka kidogo chenye rangi. Nikawaambia wasusi kule Ukambani watengeneze vya aina hiyo, na mpaka leo vinatoka, si kwa kasi ile lakini vinatoka. Shida ni Maasai Market, soko la vinyago na zawadi la uwanjani. Mteja wa hapa akitaka zawadi anaenda huko, anasukumana, anabembelezwa bei. Kwetu anaona jengo la giza la watalii.

Sijasema umenishinda. Nasema naendelea kusikiliza.

---

ZegeNaNondo

Mzee ameniita, nimekuja. Mimi ni mchoraji majengo, nimefanya kazi na majengo ya zamani katikati ya jiji, si hilo lenu.

PlotNiPlot, kwanza, jengo la umma halibomolewi kwa sababu plot ni ghali. Tungefuata hesabu hiyo hata Jeevanjee Gardens isingekuwepo. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga pale, na wakazi wa Nairobi, akiwemo Zarina Patel, mjukuu wa A. M. Jeevanjee mwenyewe, waliupinga mpaka ukafa. Leo wafanyakazi wanakula mandazi kwenye nyasi zile zile, dakika mbili kutoka sokoni. Pili, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali na kuwekewa masharti. Tatu, na hili ndilo la mfukoni: ghorofa ishirini juu ya soko maana yake nguzo nene katikati ya ukumbi, kodi ya kulipia lifti, na buchari ambayo mpangaji wa juu ataishtaki kwa harufu. Nyama ndiyo ya kwanza kuondolewa. Ikifuata samaki, mmebaki na duka la zawadi chini ya benki.

Sasa kwa MamaVyondo, mambo ya jengo lenyewe.

Zege la miaka ile ni imara, adui yake ni maji. Gata, mfereji wa maji ya paa, ikiziba au ikitoboka, maji yanapenya polepole mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inalipasua zege kutoka ndani. Mtu wa rangi akija ataona ufa, atapaka plasta, atapiga rangi ya mafuta juu, na kwa mwaka mmoja mtapiga picha nzuri. Unyevu umefungiwa ndani, kutu inaendelea. Kwa hiyo kwenye ukurasa wenu andikeni hivi: paa, gata na njia ya maji ya mvua vikaguliwe na mhandisi, ripoti itolewe kwa wafanyabiashara, ndipo mtu yeyote afungue kopo la rangi.

Kisha kuna kitu kitakacholetwa kwenu kama zawadi, kikataeni: siling'i ya jipsamu, yaani dari ya bodi inayoshushwa chini ya paa. Ule urefu unaowafanya mtazame juu ndio unaopoza ukumbi. Hewa ya moto inapanda na kutoka kwenye madirisha ya juu bila kulipa stima. Weka siling'i, utanunua mashine za kupoza hewa, na baadaye utagombana nani alipie. Madirisha ya chuma ya zamani yanakarabatika. Ya alumini yakiwekwa yatakuwa yamefungwa muda wote kwa sababu kamba za kuyafungulia hazitakuwepo.

Vibanda vipya visizidi urefu wa mtu mfupi. Nasema kweli. Mteja akisimama mlango wa Muindi Mbingu anatakiwa aone mpaka upande wa pili, aone kuna watu, kuna mwanga, kuna harufu ya chakula. MamaVyondo, hilo giza unalosema wateja wanaliona, mara nyingi kwenye masoko ya namna hii si giza la jengo, ni vibanda vilivyopanda mpaka vikaziba madirisha, kila mtu akiongeza mbao moja juu ya jirani yake.

Stima: kila kibanda na waya wake kutoka kwenye ubao mkuu. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi mno kwa mtu yeyote Nairobi kuhitaji maelezo zaidi.

Na msikubali kuhamishwa nyote kwa pamoja. Ukumbi unaweza kukarabatiwa nusu kwa nusu, ukuta wa mabati katikati. Mkandarasi atanuna kwa sababu inamchelewesha na gharama inapanda. Anune.

Mkitaka mfano wa karibu wa kutengeneza jengo la kaunti bila kuliuza, vukeni tu mtaa mfike McMillan. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk liliingia makubaliano na kaunti ya kukarabati maktaba hiyo pamoja na zile za Kaloleni na Makadara. Walianza na ndogo za Eastlands kabla ya kuligusa jengo kubwa lenye nguzo. Jengo limebaki la umma, mshirika akatafuta pesa na kusimamia kazi. Maktaba si soko, hakuna kodi ya kugombania. Ila mpangilio wa kuanza padogo watu waone, huo nauiga bila aibu. Kwenu, padogo ni wapi? Mimi ningeanza na vyoo na mlango mmoja.

---

BintiKariakoo

Jamani mimi niko Dar, nimeletewa huu uzi na shemeji yangu wa Eastleigh.

Kaka wa zege na mzee wa leja wote wamesema kweli, na sisi tumeyapitia. Soko letu la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, la miaka ya sabini, lile lenye mapaa ya miavuli iliyopinduliwa yanayokinga maji ya mvua. Liliungua tarehe 10 Julai 2021. Serikali ikalitengeneza na kujenga jingine jipya pembeni. Wafanyabiashara walitawanywa masoko mengine wakisubiri. Basi Julai 2024, wakati wa kurudi ukikaribia, kilichowatoa watu barabarani hakikuwa rangi wala ukubwa wa meza. Ilikuwa ni orodha. Wapo walioandamana kwa kuwa majina yao hayakuwemo.

Dada yangu, sisi tuliunguliwa, hatukuwa na nafasi ya kuandika daftari kwanza. Nyinyi mnayo. Piga picha kila kibanda na mwenye kibanda amesimama ndani, tarehe ionekane. Simu inatosha.

---

PlotNiPlot

Hiyo ya lifti sikuwa nimeifikiria. Lakini bado nasema kaunti ipate pesa zaidi pale. Soko lipo wazi masaa manane kati ya ishirini na nne, katikati ya jiji. Hilo nalo ni jibu la kwenu?

---

KijanaWaKimathi

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na PlotNiPlot. Fungueni mpaka saa mbili usiku, siku tatu tu kwa wiki. Mtu akitoka kazini, badala ya kusimama kwenye msongamano wa matatu, akae ale samaki, anunue nyama ya kupeleka nyumbani, na akipita apige jicho kwenye vyondo.

---

MamaVyondo

Saa mbili usiku nani ananisindikiza stendi? Waandike na taa za nje na askari. Lakini nimelipenda wazo.

Mzee wa Leja, memoranda ikiisha tuipeleke lini? Wenzangu wanasema tungoje vikao vya bajeti.

---

MzeeWaLeja

Msingoje! Kila mwaka mwezi wa Mei nilikuwa nawaona watu wakija na mabango kwenye vikao vya bajeti, wanalia, wanapewa soda, wanarudi. Kufikia hapo mchele umeshapikwa na kupakuliwa, unaomba ukoko.

Sikiliza mzunguko. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karibu mwaka mzima mbele. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayogawa viwango vya juu kwa kila idara, mwisho wake ni tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe, tarehe 30 Aprili. Kitu ambacho hakimo kwenye mpango wa Septemba ni kigumu mno kukipenyeza Aprili. Kwa hiyo ukurasa wenu uwe mezani mwezi wa Julai, Agosti ukichelewa. Nakala moja idara inayoshughulikia biashara na masoko, moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa mwakilishi wadi wenu, na moja mbaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri usipopigwa usiondoke kaunta. Keti hapo, omba maji ya kunywa.

Wakinyamaza, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi bunge la kaunti. Na mkitaka kujua kodi ya soko lenu ni kiasi gani kwa mwaka, ombeni kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombeni hilo mapema, mkienda kudai mfuko wa matengenezo bila hesabu mtaonekana mnaota.

Ile saa ya mlangoni muwekeeni mzee. Haigharimu mengi, na atawaletea saini za wazee wenzake wote.

---

NgegeFresh

Nimekaa kimya nikisoma, sasa imetosha. Mimi ni wa samaki, hapo hapo nyuma. Nyote humu mnatusifu, sijui samaki wa kukaangwa, sijui harufu, halafu kwenye orodha yenu sisi hatumo. Kila mtu anazungumzia paa. Hakuna aliyezungumzia sakafu.

Niwaambie kinachoua sehemu ya samaki katika soko lolote: maji ya magamba na mafuta ya kukaangia yakishuka kwenye bomba moja. Mafuta yanaganda, bomba linaziba, maji machafu yanarudi juu, afisa wa afya anafunga. Kinachotakiwa ni shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajafika bomba kuu, lenye mfuniko wa kufunguka, na mtu wa kulizoa kila wiki. Halafu mteremko wa sakafu uelekee kwenye mfereji, maana taizi za kung'aa zikiloa damu ya ngege mtu anavunjika kiuno. Chumba cha baridi walichouliza wa nyama, tugawane, chao upande mmoja chetu mwingine, kila mmoja na mita yake. Mbuta anayelala bila baridi siku mbili, siku ya tatu ni hasara, na hiyo hasara ndiyo mnayolipishwa kwenye bei.

Yasipoandikwa hayo, upande wetu hausaini.

---

MamaVyondo

NgegeFresh, kaka, tulia, umeandikwa. Nimeketi na wenzangu jioni hii na karatasi imepungua ikawa ukurasa mmoja na mistari mitatu nyuma. Juu kabisa ni daftari la majina, litangazwe ukutani kabla ya kazi yoyote, pamoja na ahadi ya kurudi kwa maandishi. Chini yake mkaguzi wa paa na gata, ripoti tuione. Kisha shimo lako la mafuta, sakafu na chumba cha baridi. Kazi ifanywe nusu kwa nusu, asihamishwe mtu. Mfuko wa matengenezo, kifungu nimekitaja kwa nambari, wajue tumesoma. Masaa ya jioni siku tatu, na taa na askari. Vibanda visizibe madirisha, na hapo nimeanza na changu, nimeshamwambia fundi aje apunguze ile rafu ya juu.

Siling'i tumeipiga marufuku kwa kura. Taizi zimeangushwa pia, vijana wamenuna, wakapewa waifai. Mabasi ya watalii yamebaki, mstari wa mwisho, mzee usinicheke. Wa maua wamekataa masaa ya jioni kwa sababu wao huamka usiku kupokea mizigo ya Naivasha na Limuru, basi tumeandika "kwa watakaopenda." Saa ya mlangoni imo.

---

NgegeFresh

Wazi. Nikusanyie majina ya wa samaki?

---

MamaVyondo

Kusanya, kabla ya Ijumaa. Jina la kitambulisho, si la utani, nawajua nyinyi. Na nambari ya kibanda iwe ile iliyo kwenye risiti, usiandike iliyochorwa mlangoni, maana huko nyuma naona kuna 14 mbili.